Mkate Wenye Tundu

Uasin Gishu, mahali nilipozaliwa, iliwahi kutolewa zawadi kwa watu ambao hawakuwa wameiona hata kwa picha. Mwishoni mwa 1902 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuja Afrika Mashariki, akapanda gari la moshi kutoka Mombasa kwenda bara. Aliona nyanda za juu zenye baridi na nyasi ndefu, akadhani hazina mwenyewe. Aliporudi London akamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi: kuna mahali kule. Agosti 1903 mkutano wa Wazayoni mjini Basel ukapiga kura, 295 kwa 178, kutuma watu wakapakague. Wakaja watu watatu. Walishuka Mombasa Januari 1905, wakapanda hadi Uasin Gishu, wakaizunguka, wakarudi na ripoti. Mwaka huo huo mkutano uliofuata ukasema hapana, asanteni.

Vitabu vinauita Mpango wa Uganda, manake hadi 1902 nyanda hizo zilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Shuleni tuliupita kwa sentensi moja, kati ya reli na walowezi. Sikuwahi kuufikiria sana mpaka Novemba iliyopita, nilipojikuta London saa moja asubuhi kwenye foleni ya duka la mikate la Kiyahudi, pamoja na mdogo wake mamangu. Kwetu tunamwita Tata. Kwenye begi nilikuwa na bahasha ya karatasi za shamba.

Wacha nieleze habari ya bahasha. Guka, babake mamangu, alinunua robo ekari pembeni mwa Eldoret miaka ya 1970. Alilipa kidogo kidogo, kwa hisa za kundi la kununua mashamba, mpaka akapata ploti yake. Alipofariki, ploti ikabaki kwa majina ya watoto wake wanne. Miaka mingi hakuna aliyeijali. Halafu tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikatangazwa kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, na ghafla simu zikaanza. Kuna mtu anataka kujenga ghorofa za kupangisha. Analipa vizuri, analipa mara moja. Watatu wamekubali. Amebaki Tata, na bila sahihi yake hakuna kitu.

Kwa nini nitumwe mimi? Kwanza, nilikuwa naenda London wiki mbili kwa mafunzo ya kazi, kwa hivyo nauli haikuwa ya familia. Pili, mimi ni mtoto wa pili wa kiume, nina jina la Guka. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, Tata huniita "baba." Nadhani wajomba walipiga hesabu kwamba atakataa kila mtu, lakini hawezi kumkatalia babake.

*

Tata hutunza wazee, zamu ya usiku. Hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, macho mekundu, viatu vya mpira mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipompigia nimuulize tukutane wapi, hakusema nyumbani kwake. Alisema, "Njoo Brick Lane. Nitakununulia kiamsha kinywa halafu tuongee maneno yako."

Brick Lane ni barabara nyembamba mashariki mwa London. Ukiingia kutoka upande wa Whitechapel unakutana kwanza na mikahawa ya Wabangali, mmoja baada ya mwingine, na vibao vya majina ya mitaa vimeandikwa Kiingereza na chini yake Kibangali. Ukiendelea unapita chini ya bomba refu la matofali la kiwanda cha bia cha Truman, ambacho kiliacha kupika bia 1989 na sasa ni maduka, maonyesho na soko la wikendi. Kutoka hapo kuelekea kaskazini mambo yanageuka: nguo za mitumba, ila hizi wanaziuza bei kuliko mpya, kahawa ya bei ambayo ungekula nayo Gikomba siku mbili, picha kubwa kubwa kwenye kuta, zinazofutwa na kuchorwa nyingine kabla hujazizoea. Ukiinua macho upande wa magharibi, majengo ya vioo ya wenye pesa yanakuchungulia.

Karibu na mwisho wa barabara, baada ya yote hayo, kuna maduka mawili ya mikate yanayofanya kazi ile ile, yakitenganishwa na mlango mmoja tu. Moja lina kibao cha manjano, jingine cheupe. Tulikwenda kwenye hilo jeupe, Beigel Bake. Liko hapo tangu miaka ya 1970 na halifungwi. Usiku wa manane liko wazi, Krismasi ikikukuta njiani liko wazi. Madereva wa teksi, polisi, walevi, manesi, wanafunzi, wote wanaingia kwa mlango mmoja.

Watu wengi duniani wanaujua mkate huu kwa jina la bageli, la Kimarekani. Pale Brick Lane wanaandika kwa njia yao na kutamka "baigeli," kama walivyotamka wazee walioleta neno hilo kutoka Ulaya Mashariki. Tata naye anasema baigeli. Ana miaka kumi na kitu pale na hataki kusikia matamshi mengine.

Ndani hakuna mapambo. Taa nyeupe, kaunta ya kioo, mwanamke mwenye aproni anayekata nyama kwa kisu kirefu bila kuangalia kisu. Hakuna kiti cha maana. Unanunua unatoka, au unasimama ukutani unakula. Foleni inakwenda mbio na ukifika mbele ni lazima uwe unajua unachotaka. Hawana muda wa kukufundisha. Nilijisikia nyumbani kidogo. Ni kama kibanda cha chapo karibu na steji asubuhi: ukianza kuuliza kuna nini na nini, watu walio nyuma yako wanaanza kuguna.

"Mbili za nyama," Tata akasema. "Na haradali. Ya huyu weka kidogo, hajazoea."

Mimi niliangalia nyama. Yeye aliangalia nyuma ya kaunta, kule ambako mikate inatoka kwenye tanuri.

"Umeona hiyo unga?" akaniuliza. Hapa ni lazima nikwambie kwamba Tata, kabla ya kuwa mtunza wazee, alikuwa mpishi wa mandazi.

*

Kibanda chake kilikuwa mbele ya ploti ya Guka, kikiangalia barabara. Mabati matatu, jiko la kuni, meza yenye kitambaa cha plastiki. Mandazi, chapati, chai ya maziwa, na siku ya soko madondo. Alifungua saa kumi na moja asubuhi kwa ajili ya makanga na wajenzi. Nilipokuwa darasa la nne nilimsaidia kuviringisha unga likizo nzima, kwa hivyo najua mikono yake ilivyo: ikishika donge la unga inajua uzito wake bila mizani.

Kwa hivyo tuliposimama nje, migongo kwenye ukuta, mkate wa moto ndani ya karatasi, hakuanza na habari ya shamba. Alianza na unga.

Baigeli, alinieleza, inakandwa ngumu. Ngumu kuliko chapati, ngumu kuliko mkate wa kawaida. Unga wa ngano wenye nguvu, maji kidogo, chumvi, hamira, na kitu kitamu kidogo. Unaviringisha, unaunganisha ncha, unapata pete. Halafu inakuja sehemu iliyomshangaza alipoiona mara ya kwanza: kabla ya kuingia tanurini, mkate unachemshwa. Unatumbukizwa kwenye sufuria ya maji yanayotokota, kama ugali uliopotea njia. Maji yale yanaupika unga wa juu juu, unakuwa kama ngozi. Ukiingia kwenye moto hauwezi tena kufura ovyo. Nje unang'aa na kuwa na ukakamavu, ndani unabaki mzito na wenye kutafunika.

"Na tundu?"

"Tundu ni akili. Katikati hakubaki kubichi. Na zamani walikuwa wanaitia kwenye kijiti au kamba, wanazunguka nayo wakiuza. Kama samaki wa Kisumu."

Baadaye nilisoma kwamba maandishi ya Wayahudi wa Kraków, kule Poland, ya mwaka 1610, tayari yanautaja mkate huu, na yanautaja miongoni mwa zawadi za wanawake waliojifungua. Nilimtumia Tata ujumbe kumwambia. Akajibu kwa sauti, akicheka: "Kumbe ni njahi yao!" Kwetu mzazi hupelekewa njahi. Nilifurahi kwamba yeye ndiye aliyeuona mlingano huo, si mimi.

Nyama nayo ina historia yake. Ni kidari cha ng'ombe, sehemu ngumu, ya bei nafuu, inayolowekwa kwenye maji ya chumvi kwa siku kadhaa halafu kuchemshwa polepole kwa saa nyingi mpaka nyuzi ziachane. Inakatwa vipande vinene, inajazwa ndani ya baigeli, inapakwa haradali inayopanda puani, na juu yake tango la siki. Kwa ulimi wa mtu wa Eldoret ni chumvi nyingi. Lakini nilimaliza. Nikalamba na karatasi.

Duka lenyewe ni la mtindo wa Kiyahudi zaidi kuliko la sheria ya Kiyahudi. Anayefuata sheria ya chakula cha kosha kikamilifu hachanganyi nyama na maziwa na hauzi siku ya Sabato. Hili linauza siku zote saba, na kwenye kaunta moja kuna nyama na kuna jibini laini. Kilichobaki ni mapishi, jina, na harufu. Wayahudi wengi wa mtaa ule walihama zamani, wakaenda Golders Green, Stamford Hill na kwingineko. Bloom's, mkahawa mashuhuri wa kosha pale Whitechapel, ulifungwa 1996. Mkate umekaa kuliko watu wake.

"Lakini bado wanaita ya Wayahudi," nikasema.

"Wataiita nani?" Tata akanijibu. "Jina haliondoki hivyo tu."

*

Baada ya kula tulitembea, manake alisema akikaa atalala. Tukarudi tulikotoka mimi, upande wa kusini, hadi kwenye kona ya Fournier Street. Hapo kuna msikiti. Ukiuangalia haraka unaona jengo la matofali la kawaida na pembeni mnara wa chuma kinachong'aa. Tata aliuonyesha kwa kidevu.

"Hiyo nyumba imekuwa kila kitu," akasema.

Ni kweli, wala hakutia chumvi. Ilijengwa 1743 kuwa kanisa la Wahuguenot, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa baada ya mfalme kuwaondolea uhuru wa dini 1685. Wengi wao walikuwa wafumaji wa hariri, na nyumba za mtaa ule bado zina madirisha makubwa ya ghorofa ya juu walikoweka mitambo yao wapate mwanga. Mwaka 1819 likawa kanisa la Wamethodisti. Mwishoni mwa karne ya 19 likawa sinagogi. Tangu 1976 ni msikiti, Brick Lane Jamme Masjid. Paa moja, milango ile ile, Mungu akiitwa kwa lugha nne au tano.

Wayahudi waliokuja kwenye sinagogi hilo walitoka dola ya Urusi. Baada ya mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, kuuawa 1881, walianza kushambuliwa mji baada ya mji: nyumba kuchomwa, maduka kuporwa, majirani kugeuka. Mamilioni waliondoka, wengi wakaelekea Marekani, na zaidi ya 100,000 wakabaki Uingereza, hasa hapo mashariki mwa London, wakishona nguo na kuoka mikate. Wenyeji hawakufurahi. Walisema wanajaza nyumba, wanapandisha kodi, wanafanya kazi kwa bei ya kutupa. Mwaka 1905 bunge likapitisha sheria ya kuwazuia wageni maskini wasiingie.

Ule mwaka tena, 1905. Nilisimama pale mbele ya msikiti nikiuhesabu. Serikali iliyokuwa tayari kuwapa Wayahudi nyanda zetu ndiyo hiyo hiyo iliyofunga mlango wa nchi yake. Ukarimu wa kugawa shamba la mwingine hauumi. Na Oktoba mwaka huo huo, kwenye milima iliyo jirani na nyanda zile zilizodhaniwa hazina mwenyewe, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepinga reli na Waingereza kwa miaka mingi, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi.

Wayahudi walipokataa Uasin Gishu haikurudishwa kwa mtu. Mwaka 1908 Makaburu wakaja na mikokoteni yao kutoka Afrika Kusini. Ardhi ikakatwa vipande ikapewa namba, na posta ikawekwa kwenye shamba namba 64. Ndiyo maana wazee bado wanaita Eldoret "Sisibo." Walikuwa wakijaribu kutamka sitini na nne ya Kiingereza.

Wayahudi wachache walikuja Kenya hata hivyo. Abraham Block alifika 1903 akitokea Lithuania kwa njia ya Afrika Kusini, akaanza na kilimo na vibarua vya kila aina, na 1927 akainunua hoteli ya Norfolk. Sinagogi la Nairobi liko pale Uhuru Highway inapokutana na University Way. Nimepita mbele yake kwa matatu mara elfu. Lakini mji ule wa Kiyahudi wa Uasin Gishu, uliopigiwa kura Basel, haukuwahi kujengwa. Nilimwambia Tata: hebu fikiria wangekubali. Hili duka la baigeli lingekuwa Langas.

Tata alifikiri. "Halafu sisi tungekuwa wapi?" akauliza.

Baadaye kidogo: "Na wao pia wangefukuzwa tu. Kila mtu hapo huwa anafukuzwa."

*

Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa Kiambaa, nje ya Eldoret, na watu zaidi ya 30 waliokuwa wamejificha ndani wakafa, wengi wanawake na watoto. Hilo Wakenya wote wanalijua. Wasichojua ni habari ndogo ndogo, za kila ploti, na hizo kila familia inazo zake na huwa hazisemwi mbele ya wageni.

Ya kwetu ni hii. Tata alikuwa amekanda unga wa Mwaka Mpya tangu usiku. Asubuhi hakuna mteja aliyekuja. Aliyekuja ni jirani yake, mama mmoja Mnandi aliyekuwa akimuuzia maziwa kila siku. Alimwambia maneno machache: usipite barabarani, pita kwangu. Tata alipita kwake, akatokea upande wa pili, akafika kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini ambako maelfu walikuwa wakilala kwenye nyasi. Unga aliuacha kwenye karai umefunikwa. Hilo karai analitaja kila akisimulia. Wengine walipoteza watoto, yeye anataja karai. Nadhani ni kwa sababu hiyo ndiyo sehemu anayoweza kuitaja.

Nyumba ya Guka iliungua. Kibanda hakikuungua. Tata hakurudi kuishi pale tena. Alikaa Nakuru kwa muda, halafu akapata njia ya kwenda Uingereza kupitia binamu aliyetangulia. Yule mama wa maziwa alianza kukitumia kibanda, kwanza kwa kukilinda, baadaye kwa kupika. Mandazi yale yale. Alijifunza kwa kumwangalia Tata miaka yote ile aliyoleta maziwa. Hadi leo, ukishuka kwenye pikipiki pale na kusema unataka kibanda cha mandazi, utaelekezwa kwa jina la Tata. Kuna vijana wanaokula pale kila asubuhi, wanalitaja jina hilo, na hawajawahi kumwona mwenye jina.

Hiyo ndiyo ploti tuliyotaka kuuza.

Tulikaa kwenye benchi ndani ya Altab Ali Park, dakika chache kutoka msikitini. Bustani hiyo ina jina la kijana Mbangali, mshona nguo, aliyeuawa hapo karibu tarehe 4 Mei 1978 akitoka kazini, kwa sababu ya rangi yake tu. Siku chache baadaye maelfu ya Wabangali waliandamana nyuma ya jeneza lake hadi katikati ya London, na mtaa ukajua kwamba hawa nao hawaendi popote. Leo wajukuu wa waandamanaji hao ndio wanaolalamika kwamba kodi imepanda, kwamba mikahawa inafungwa, kwamba kahawa na ofisi zinakuja kutoka upande wa vioo. Tata mwenyewe amehamishwa na bei mara tatu, kila mara hatua moja mashariki zaidi. "Hapa hawakuchomei," aliniambia. "Wanakuandikia barua tu. Nzuri, ya heshima, ina tarehe."

Nikatoa bahasha.

Hakuifungua. Aliiweka mapajani, juu yake akaweka mfuko wa plastiki wenye viatu, ndani ya mfuko huo kulikuwa na baigeli tatu tupu alizonunua za kula kesho yake kazini.

"Huyo mnunuzi," akasema, "atafanya nini na kibanda?"

"Atabomoa, Tata. Anajenga ghorofa tano."

"Na yule mama?"

Nilimwambia ukweli niliokuwa nao: kwamba hakuna aliyemtaja kwenye mazungumzo. Wajomba wanasema alikaa bure miaka yote hii na anafaa kushukuru. Mamangu anasema tumpe kitu kidogo.

"Wewe unasemaje, baba?"

Ni vigumu kueleza jinsi swali hilo lilivyo zito ukiulizwa na mtu mzima anayekuita baba. Nilisema nilichofikiri. Kwamba pesa hizo zingemsaidia. Goti lake linamsumbua na zamu za usiku si za mtu wa umri wake. Kwamba binamu zangu wana karo. Kwamba hakuna hata mmoja wetu atakayerudi kuishi pale, tusijidanganye. Na kwamba pamoja na yote hayo, nilipokuwa nikipita pale wiki mbili kabla ya safari, yule mama alinipa mandazi manne akakataa pesa, akaniambia nimsalimie mwenye kazi.

"Alisema hivyo? Mwenye kazi?"

"Alisema hivyo."

Tata alinyamaza muda. Kisha akaanza kuongea polepole, kama mtu anayepanga vitu juu ya meza. Babake alinunua ile ardhi kwa pesa yake halali, hilo halina mjadala, risiti ziko. Lakini aliyemuuzia aliitoa wapi? Kwa Mzungu. Na Mzungu? Babu za yule mama wana maneno yao juu ya hilo, na wao pia hawasemi uongo. Kabla yao walikuwa Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao ndio wenye jina la mahali. Kabla ya Wamaasai, Wasirikwa, na wao wametuachia mashimo tu kwenye vilima, mashimo ya mabomani mwao, ambayo tulikuwa tukicheza ndani yake tukiwa watoto bila kujua ni ya nani.

"Kwa hivyo siwezi kusema ni yangu kuliko yake," akasema. "Na siwezi kusema si yangu. Nilifukuzwa, lakini sikuiacha. Unaelewa tofauti?"

Nilisema ninaelewa.

"Basi usinipe kalamu leo. Nenda kamuulize yeye kwanza. Muulize kama anataka kununua, na anaweza kulipa nini, na kwa miaka mingapi. Hapo mbele tu, penye kibanda. Huko nyuma, kwenye nyumba ya babangu, wauze. Nitatia sahihi ya huko nyuma. Lakini ya mbele nitamuuzia yeye peke yake, na kama hana pesa nitamkodisha, na kama hawezi kukodi akae. Waambie wajomba zako nimesema hivyo, na waambie nimesema nikiwa macho."

Halafu akanipa baigeli moja katika zile tatu. "Mpelekee. Mwambie ajaribu kuichemsha kwanza kabla ya kuoka. Atacheka sana."

*

Baigeli ilikuwa imekuwa jiwe nilipofika Eldoret. Nilimpelekea hivyo hivyo, na maelezo. Yule mama aliigeuza mkononi, akachungulia barabara kupitia tundu, akaigonga mezani ikalia ko, akauliza kama Tata anakula hii kitu kila siku, maskini. Kisha akaita bintiye aje ashuhudie.

Nilipomwambia ile habari nyingine aliacha kucheka. Alikaa kwenye fomu ya wateja, mikono yake yenye unga juu ya magoti. Akaniuliza ploti inagawanywaje, gharama ya kupima ni ngapi, nani atalipa. Maswali ya mtu ambaye ameifikiria jambo hili muda mrefu kuliko sisi. Alisema ana chama, na chama kina akiba; atawauliza. Akasema pia, bila kupaza sauti, kwamba Tata angeweza kumpigia simu yeye mwenyewe, miaka yote hii. Sikuwa na jibu la hilo, kwa sababu lilikuwa la Tata. Nilimpa namba.

Mnunuzi hataki nusu. Anataka uso wa barabara, na bila huo ameteremsha bei mara mbili. Mjomba mmoja hapokei simu yangu. Mpimaji amekuja mara moja, ameweka vigingi vinne, mbuzi wameng'oa kimoja. Chama kimesema kitatoa sehemu mwezi wa nne na sehemu baada ya mavuno.

Juzi Tata alinitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane, akiwa zamuni. Ananong'ona, kwa nyuma mashine ya mtu inalia pole pole. Anasema wameongea na yule mama, dakika arubaini. Hawakugusia mambo ya 2008 hata kidogo. Walizungumza bei ya mafuta ya kupikia, na kama inafaa kuongeza iliki kwenye unga au watu wa siku hizi hawaipendi.